Mbaruku Alivyoupaka Rangi Mtungi wa Ukweni

Siku hizi pori limerudi Nachingwea, matrekta ya Wazungu waliokuja kulima karanga yamekwenda zake, na mimi bado naikumbuka harufu ya dizeli asubuhi. Mbaruku wa Chiola amebaki. Yuko Ruangwa, anatengeneza pampu za maji na kufundisha vijana habari za joto na baridi. Kwa elimu hiyo hana mpinzani, labda mimi, ingawa shuleni darasa la tatu lilichoka kuniona.

Enzi zile, mwaka arobaini na tisa, kazi yake karakanani ilikuwa rejeta, lile bati la mbele linalopoza maji ya injini. Akisikia trekta limechemka porini, anachekelea kama mtu aliyeitwa kwenye pilau.

Akamwoa mpwa wangu, Mwanawetu wa Ruponda. Kwetu mume ndiye anayehamia ukweni. Analima, anatazamwa. Asipofaa, mkeka wake unatolewa nje, ndoa imekwisha. Wa kulitamka neno hilo ni mjomba, yaani mimi mwenyewe, ila anayelitunga ni dada yangu, Bi Sabaha.

Kwa jembe Mbaruku alikuwa bure kabisa. Basi akajipendekeza kwa ufundi wake: akaja na mkebe wa rangi ya matrekta, akaupaka mtungi wa mama mkwe mpaka ukang'aa. Majirani wakaja kuutazama. Jua la Oktoba lilipowaka, maji yakawa moto kama ya kumkanda mzazi.

Mkwe hasemeshwi ana kwa ana, kwa hiyo dada alimgeukia Mwanawetu: "Mwambie mumeo mimi sijazaa juzi. Mjomba wako atampa neno."

Nikamfuata. "Bwana Rejeta, mkeka wako kesho uko nje. Matrekta ya Wazungu unayapoza, mtungi wa mkweo unauchemsha?"

Uso ukamshuka. Alikuwa anampenda mkewe kweli. Akaniomba: "Mjomba, nipe mpaka Ijumaa."

"Na tumbaku ya mjomba?"

Akanipa yote. Akauzunguka mtungi, akaupapasa: mkavu. Akapapasa wa jirani: umelowa. Akarudi mbio.

"Mjomba, nimeuziba vinyweleo kwa rangi! Mtungi hupoa kwa kutoka jasho, upepo ukalikausha!"

"Hilo nililijua," nikasema.

Akaenda kwao Chiola kutafuta mtungi mpya, akaubeba kichwani kama mwanamke, njia nzima anachekwa. Akauweka barazani penye upepo, akauviringishia gunia lililoloweshwa maji.

Ijumaa dada akanywa. Akateka tena, akanywa. Nikanywa na mimi, meno yakauma. Mbaruku alikuwa kasimama nyuma ya nyumba, nasikia anavyopumua.

Dada akaifunika kata juu ya mtungi, akamwita binti yake.

"Mwambie mumeo akakate nguzo. Nyumba yenu aijenge upande huu wa upepo."