Sahani ya Mukeke Niliyoisukuma

Watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, watakusamehe ukilewa. Watakusamehe ukiacha mke, hata ukizamisha mtumbwi wa watu watakusamehe baada ya maneno mengi. Ukikataa samaki, unakaliwa kikao. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe bado sijaimaliza.

Nilikuwa najiandaa kwa mashindano ya kutunisha misuli mjini Uvira. Mchana nabeba mizigo bandarini, jioni nanyanyua vyuma vyetu: bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Na kwa miezi minne sikutia mdomoni kitu chochote cha mnyama. Si nyama, si samaki, si yai. Hata sombe, majani yetu ya muhogo, niliipika mwenyewe chumbani kwangu, kwa mawese na karanga, bila ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimemwona kwenye simu mtu mwenye mabega kama mlango anayekula mimea tu, nikajaribu, maumivu ya viwiko yakaisha. Basi. Sikuingia dini mpya. Lakini kumweleza mtu hayo ni kazi, maana Baraka kila mtu ni daktari wa tumbo la mwenzake.

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, ana kibanda cha chakula karibu na bandari. Siku moja mchana niliingia pale na wabebaji wenzangu, tupate kivuli. Akaniletea mukeke, samaki mtamu wa ziwa letu, wa kukaanga, mkubwa, na bugali wa moto. Nikasema, "Sitakula." Hivyo tu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, nilikuwa nimepunguza chakula, na njaa ya mashindano inamfanya mtu awe mkali bila sababu.

Watu wa kwetu wanaogopa sumu. Soda haifunguliwi jikoni, inafunguliwa mbele ya macho yako, na chakula kikitiliwa shaka, aliyekipika hukionja kwanza. Mama mdogo alisimama, akanyofoa kipande cha samaki yule, akakitafuna mbele yangu na mbele ya meza zote. "Kula basi, mutoto wangu," akasema. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilikuwa nafikiria tumbo langu litakavyoonekana jukwaani. Nikaisukuma sahani, nikatoka.

Baada ya siku tatu meza zake zilikuwa tupu. Mbebaji mwenzangu ndiye aliyeniambia, bila kunitazama usoni: "Batu banasema, kama mutoto yake mwenyewe anaogopa chakula yake, sisi tutakula namna gani?"

Nilipandwa na hasira. Mwanamke aliyelisha nusu ya bandari, leo ndiye mtu wa sumu? Nikaenda parking ya moto, pale madereva wa pikipiki wanapongoja abiria na maneno yote ya Baraka yanapopitia, nikapiga kelele: sili samaki wa mtu yeyote! Nakula maharagwe, soja, karanga! Dereva mmoja akanishika mkono, akaubonyeza kama anayenunua mbuzi. "Mwili hii, ni ya maharagi? Utudanganye vizuri." Wakacheka wote. Kila msuli nilioujenga bila nyama ukawa shahidi wa kuniumbua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba namkinga mama mdogo. Nilirudi pale mara tatu kwa wiki moja. Wajinga wakubwa, na hata leo nawaambia.

Zilipobaki siku tisa nikachoka. Niliingia kibandani saa sita mchana, nikaagiza samaki kwa sauti, nikakaa meza ya mbele kabisa. Nilikula mukeke mzima, kichwa na mkia, nikalamba vidole huku nikiwatazama wale madereva barabarani mmoja mmoja. Kila tonge lilinikera. Kabla sijamaliza, wawili walikuwa wameshaingia na kuagiza, bila haya, utadhani hawakusema neno.

Watu walipotoka, mama mdogo aliketi mbele yangu, kitambaa cha kufutia meza mkononi. "Juu ya nini ulikataa siku ile?"

Nikamweleza: mashindano, viwiko, mimea, miezi minne.

"Nilisikia unasema vile kwa parking," akasema. "Nilizania unafunika haya yangu. Nilizania na we uliniogopa."

Nilikuwa tayari kuukasirikia mji mzima upya, nikaona sina pa kuanzia. Parking nzima nilikuwa nimeieleza mara tatu. Yeye, aliyenitafunia chakula nilipokuwa sina meno, sikuwa nimemwambia hata mara moja.

Akasimama, akaichukua sahani yenye miiba. "Ungeniambia," akasema, "ningekupikia maharagi."