Mimba Niliyoificha Nyalenda

Kabla ya mimba ya tatu nilikuwa mwanamke mwenye nguvu. Niliuza dagaa wa omena mtaani Nyalenda na kubeba maji yangu mwenyewe. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na mama mkwe alikuwa na sababu moja: macho mabaya yaliziona.

"Nyar Kisian," alinionya, akiniita binti wa Kisian, kijiji nilikozaliwa, "hii usimwonyeshe mtu mpaka ijionyeshe."

Kliniki ya wajawazito ilikuwa na benchi lililoelekea barabara. Ukiketi pale, mtaa mzima umejua. Hata hivyo, mwezi wa nne nilienda kwa siri. Nesi alinitazama kiunoni, akacheka.

"Mama, tumbo liko wapi? Ama umekuja kupumzika? Rudi likionekana."

Benchi zima likacheka. Sikurudi.

Mwezi wa saba miguu ilivimba mpaka kandambili hazikuingia. Kichwa kiliniuma, nikaona vimulimuli mchana. Mama mkwe alinibonyeza mguu, kidole chake kikaacha shimo.

"Miguu ikivimba hivi, huyo ni kijana. Wacha kudeka."

Asubuhi moja nilianguka kwenye foleni ya maji. Niliambiwa baadaye kwamba nilitetemeka mwili mzima, nikatokwa na povu, nikajiuma ulimi, nikajikojolea. Wanawake walidhani ni kifafa, na kwetu povu la kifafa huogopwa kama moto. Walivuta mitungi yao mbali nami.

"Msimguse! Itawaingia!"

Mchuuzi wa maji ndiye aliyenipakia kwenye mkokoteni wake.

Nilipozinduka hospitalini, tumbo lilikuwa tupu.

"Ni presha ya mimba," daktari alisema. "Ungepimwa mapema, tungeiona ikipanda."

Mtoto alikuwa wa kiume, amekufa. Maziwa yalikuja hata hivyo, yakalowesha shuka.

Mama mkwe aliniinamia kitandani. "Nani alikuona?"

"Hakuna, Mama. Hata daktari."

Mimba ya nne ilipoingia, nilienda kliniki mara tu nilipokosa hedhi. Nesi alikuwa yuleyule.

"Mama, tumbo liko wapi?"

Benchi likacheka tena. Nilikunja mkono wa blauzi, nikauweka mkono wangu mezani.

"Tumbo litakuja. Wewe pima presha."

Alipima. Ilipoanza kupanda, nililazwa mapema. Binti yangu sasa yuko shuleni. Namshukuru Mungu, na yule mwenye mkokoteni.

Dada unayesoma haya, watakucheka. Wewe nyoosha mkono.