Kesi Aliyoishinda Gerunsin

Katika mto wote wa Enteban, nyumba yetu ndiyo ndefu kuliko zote: milango thelathini na minane chini ya paa moja, kila mlango na familia yake, na baraza moja linalopita mbele ya milango yote. Tena ndiyo pekee iliyotoa mwanasheria. Nyumba nyingine za mtoni hazijatoa hata karani wa posta, ndiyo maana wanatuita wenye maringo. Waache wanune.

Mwanasheria mwenyewe ni Gerunsin mwana wa Lembat, wa mlango wa kumi na moja. Mfupi, kifua mbele, sauti ya kumwamsha kiziwi. Jina alilipata katika kesi ya ardhi, pale kampuni ya michikichi iliposema msitu wa nyuma ya nyumba si wetu. Miaka minne Gerunsin alipanda na kushuka ngazi za mahakama, na shahidi wake mkubwa alikuwa Mama Saong, binamu wa marehemu baba yake. Mama huyo hajui kusoma hata jina lake, lakini angekutajia kila mduriani na aliyeupanda, kila kaburi na aliyelala humo.

Siku ya ushahidi, wakili wa kampuni, tai ya hariri shingoni, alimtabasamia akamuuliza, "Bibi, saa ile ukutani inasema saa ngapi?"

Gerunsin aliruka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa Jaji! Shahidi huyu anaijua ardhi yake kwa nyayo. Hakuja hapa kusoma saa!"

Jaji akakubali, na kesi tukashinda. Jambo ambalo Gerunsin hakulisema ni kwamba wiki moja kabla, yeye mwenyewe alimpeleka mama huyo kwa daktari wa macho mjini Sibu, na daktari akatikisa kichwa. Njiani kurudi Mama Saong alimshika mkono. "Mwanangu, usimwambie mtu. Hata mwanangu Saong. Wakijua watanikalisha kona kama mtungi uliopasuka." Gerunsin akaapa, na kwa miaka kumi na miwili alikitunza kiapo hicho. Mama wa watu akaendelea kufuma vitambaa vyake kwa kupapasa, na nyumba nzima ikidhani anafumba macho kwa maringo tu.

Baada ya ushindi ule, siasa ikamwasha. Mara ya kwanza aligombea bila chama, alama yake ufunguo, akaangushwa vibaya. Kila baraza alilosimama alizungumza kama yuko mbele ya jaji, kifungu hiki na kifungu kile, wazee wakasinzia wameshika vikombe. Mkewe, Senia, alimwambia kweli: "Umewasomea hukumu. Kura hukuomba."

Mara ya pili aliingia chama, na akawa na Saong. Huyu ndiye mwana wa Mama Saong, mwendesha boti, mtu mzima mwenye wajukuu na mdomo usio na breki. Saong alimfundisha kunywa pombe ya mchele bila kukunja uso, na kucheka kabla mzaha haujaisha. "Binamu," alikuwa akimwambia, "ukifika kwa watu acha sheria kwenye boti. Mimi nitailinda." Gerunsin alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili, akakaa bunge la jimbo kule Kuching miaka mitano. Alituletea zahanati, na daraja ambalo limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza umbea.

Mara ya tatu mambo yalikuwa mazito. Mpinzani wake, Manggat, mkandarasi wa barabara, alikuwa akijaza watu mikutanoni. Wakubwa wa chama walimwambia Gerunsin wazi: ukianguka safari hii usirudi kutuomba. Na ofisi yake ya uwakili alikwisha kuifunga zamani, wateja wametawanyika. Kiti kile kikimponyoka, hakuwa na pa kukalia.

Ikabaki wiki moja, na nyumba kumi na moja za juu ya mto hajazifikia. Asubuhi hiyo watu wetu walikuwa mashambani. Gerunsin na Saong wakipita barazani kuelekea gatini, Mama Saong akawaita. Alikuwa amepika kuku ndani ya mwanzi, amempakua kwenye sinia mkekani.

"Kuleni kwanza, wanangu."

Kwetu sisi Waiban, ukikaribishwa chakula, unakula. Huna nafasi, unakigusa kwa ncha ya kidole na kidole unakipeleka mdomoni, basi, umesalimika. Ukiondoka hujakigusa, umelifungulia balaa mlango. Nyoka, mamba, mti wa kukuangukia, chochote kitakachokukuta usiseme hukuambiwa. Hata maprofesa wetu waliosoma ng'ambo wanagusa.

Saong aliinama, mkono mbele. Gerunsin akamdaka kiwiko.

"Binamu, niguse tu!"

"Utagusa jioni. Kura hazisubiri kuku."

Alasiri, kwenye maporomoko, boti iligonga gogo ikapinduka. Gerunsin alitoka amelowa tu. Saong alikatwa na panga la injini, na hospitalini wakamwondoa mguu chini ya goti.

Siku ya tatu Mama Saong alipeleka shtaka kwa Mzee Ringkai, mkuu wa nyumba yetu: Gerunsin alimzuia mwanangu kugusa chakula. Faini yake kwa desturi ni ndogo, ungeicheka: kuku, bakuli, na kisu cha kuipa nguvu roho ya aliyeumia. Lakini anayelipa amekiri, na watu wa Manggat walikwisha kupata wimbo: aliyekunyima kugusa kuku atakupa nini?

"Lipa," Senia alimwambia.

"Nikilipa nimekubali."

"Kwani hukufanya?"

"Senia, zimebaki siku nne!"

"Sikukuuliza siku."

Gerunsin alitoa shati jeupe la mahakamani.

Baraza lilijaa. Kijana mmoja wa Manggat alisimama kwenye nguzo ya mwisho, simu mkononi, tayari kurekodi. Mzee Ringkai alikohoa. "Mwanangu Gerunsin, mambo haya ni ya nyumbani. Unakubali tuyamalize?"

"Mlalamikaji athibitishe, Mzee."

"Haya, mahakama imehamia kwetu!" mtu akapayuka, watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho siku ile.

Gerunsin alisimama. Kiganja chake kilikumbuka vizuri kabisa kiwiko cha Saong, na jinsi kilivyovuta. Lakini Saong alikuwa bado hospitalini, na mwingine aliyekuwepo asubuhi ile hakuna.

"Shangazi, unasema mwanao hakugusa chakula."

"Hakugusa. Ulimvuta."

"Ulisikia, au uliona?"

"Niliona. Mkono wake ulirudi mtupu."

Hapo Gerunsin angeweza kukaa. Miguu yake, nadhani, ilikuwa inataka kukaa, ila mdomo ulishazoea kazi. Aliinama polepole, akavua kiatu chake, akakiinua juu bila kutoa sauti.

"Shangazi. Nimeshika nini?"

Mama Saong alielekeza uso pale sauti ilipotoka, kidogo pembeni ya Gerunsin, kama anayezungumza na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

"Gerunsin," akasema taratibu, "wewe unajua."

"Swali ni nimeshika nini."

Nyumba nzima ikakiona kiatu, kisha ikamwona mama. Mkwe wake, aliyekaa naye mkeka mmoja, alijifunika mdomo. Miaka kumi na miwili anampakulia wali na hakujua.

"Sijui umeshika nini," Mama Saong akasema. "Sioni."

Mzee Ringkai alipozungumza, hakumwita tena "mwanangu". "Lisilothibitika siwezi kulitoza. Mheshimiwa hana hatia."

Kijana wa Manggat alizima simu, akaitia mfukoni kama mtu aliyeaibika kwa niaba ya wengine. Hakuna aliyepiga makofi.

Gerunsin alishuka gatini haraka, maana nyumba kumi na moja zilikuwa zinangoja. Boti tisa zilikuwa zimefungwa pale. Mwenye boti wa kwanza, injini yake ilikuwa na homa. Wa pili tumbo. Wa tatu alisema anamngoja shemeji yake.

"Lini anakuja?"

"Hajasema, Mheshimiwa."

Wa nne hakujisumbua hata kutunga uongo. Aliendelea kuteka maji kwenye boti kwa kopo. Gerunsin akapanda na njia ya malori ya magogo kwa miguu, akafika nyumba mbili kati ya kumi na moja, na kote kuwili kiatu kilikuwa kimemtangulia.

Aliangushwa kwa kura sitini na moja. Nyumba yetu peke yake ina wapiga kura tisini na nne, kwa hiyo hesabu utaifanya mwenyewe. Katika sanduku letu alipata tatu. Moja yake, moja ya Senia, kwani Senia humpa kura hata akiwa hasemi naye. Ya tatu ndiyo iliyomkosesha usingizi. Angeifurahia kama ingetoka kwa yeyote, isipokuwa kwa mtu mmoja ambaye aliogopa hata kumfikiria.

Siku ile ya kura mkwe alimshika Mama Saong mkono hadi ndani. Gerunsin alimwona akipita.

Wiki ya pili alijikaza akaenda hadi mlangoni kwake. Mama Saong alikuwa kwenye kitambaa chake, vidole vikihesabu nyuzi. Hakugeuka, nyayo alizitambua.

"Shangazi," Gerunsin akaanza, na yeye mwenye sauti ya kumwamsha kiziwi ikabidi aanze tena. "Shangazi, ile kura—"

"Kura ni siri," akasema Mama Saong. "Wewe ndiye uliyekuja hapa barazani kutufundisha."

Akapitisha uzi mwingine. Gerunsin alibaki amesimama kizingitini, na hakukaribishwa wala hakufukuzwa.