Mtani wa Dada wa Kwenye Gemu

Mwalimu wetu wa saikolojia alitupa kazi ambayo darasa zima liliipokea kwa vifijo: kila mtu achague mhusika wa kubuni, awe wa kitabu, wa filamu au wa gemu, aeleze hisia zake kwa nadharia tulizosoma. Mimi nikachagua gemu. Nilikuwa nimekwama nayo siku nyingi, na nilitaka kisingizio cha kuicheza mchana kweupe sebuleni kwetu Bombambili bila mtu kuniita mvivu. Mtu mzima mimi, nasomea ushauri nasaha, kutwa nabonyeza vitufe! Lakini sasa yalikuwa masomo, nani aseme?

Gemu yenyewe inamhusu dada mmoja aliyefiwa na kaka yake pacha. Anatembea nchi nzima na shati la kaka yake mkobani. Anapanda milima, anavuka mito, anawasaidia watu kuchota maji na kuezeka nyumba, na kila anayempa pole anamjibu, "Niko salama." Mwisho anafika kwenye daraja lenye lango, na lango halifunguki ng'o. Halafu kuna kijitu kimoja cha kofia ndefu, hicho ndicho kilichonikera kuliko vyote. Kinamfuata nyuma, kinaiga mwendo wake, kinachomoa lile shati mkobani, kinalivaa na kujifanya ndiye marehemu. Hapo mimi nilikuwa nabonyeza kitufe cha fimbo. Nakitandika mpaka kinatoka mbio, narudisha shati mkobani, nasonga mbele. Mshenzi mkubwa!

Nilipoanza kuandika, maneno yalikuja yenyewe. Ile nadharia ya hatua tano inasema aliyefiwa huanza kwa kukataa, halafu hasira, halafu kujadiliana na Mungu, halafu huzuni nzito, mwisho kukubali. Nikaandika kwamba dada huyu amenasa kwenye kukataa, na kwamba kile kijitu si mtu, ni hasira yake mwenyewe imevaa kofia. Nikajisomea kwa sauti, nikajiona daktari.

"Huyo hajakataa kitu," mama akasema.

Alikuwa nyuma yangu mkekani, anachambua maharage, wala sikujua kama anatazama. Nikashtuka, maana mama siku hizo hakuwa mtu wa kuchangia mazungumzo. Zamani kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Baba akirudi jioni alikohoa mlangoni na kuuliza, "Mbona kimya, mmekufa wote?" na mama alimjibu kutoka jikoni, "Tangulia wewe, tutakukuta!" Ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu, na kila siku walicheka kana kwamba wameisikia leo. Tangu tumzike baba, mama hakucheka. Hakulia pia, hata makaburini. Kina mama wa jumuiya wakija kumjulia hali, yuko salama. Kaka yangu akipiga simu kutoka Dodoma, yuko salama. Niseme ukweli, niliogopa. Nilikuwa nasomea kuwasaidia watu baki, na mama yangu mwenyewe ananiponyoka hapo hapo mkekani.

"Hajakataa vipi, mama?"

"Anajua kabisa kaka yake kafa, si kabeba shati lake? Angekuwa anakataa, angekuwa anampikia." Akatupa harage bovu. "Na hicho kijitu unakipigia nini?"

"Kinamdhihaki marehemu!"

"Sasa si ndiyo kazi yake? Hicho ni mtani wake. Hebu kiache."

Nilitaka kubisha, maana mimi kubisha ni ugonjwa wangu, lakini mama alikuwa ameongea maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Nikaondoa kidole kwenye kitufe cha fimbo. Kijitu kikavaa shati. Kikatembea kama pacha, kikajikwaa, kikamfokea dada kwamba uji wake una mabonge. Dada akasimama tuli. Nikadhani kompyuta imeganda. Kumbe mabega yanamtikisika: anacheka! Akacheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini akaanza kulia, na huku analia bado anacheka. Kule nyuma yake lango likafunguka lenyewe.

"Lango! Mama, lango!" Nilirukaruka kama mtoto. Nilipogeuka, mama alikuwa ameacha maharage.

"Sisi wa kwetu tulimfukuza," akasema.

Nilimwelewa papo hapo. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana, na mtani ana haki zake msibani: anavaa nguo za marehemu, anamwiga, anawacheka waliao, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Baba alikuwa na mtani wake, Mhehe mmoja, fundi seremala wa Ruhuwiko. Walitaniana miaka nenda rudi. Mzee huyo akitokea tu, baba anapiga kelele, "Mfungieni mbwa, Mhehe kafika na njaa!" maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Naye anajibu kwamba Mngoni hana la kusema, babu zake walikuja huku wakikimbia.

Siku ya mazishi mtani alitinga uani na koti la baba na kofia yake, anakohoa kikohozi chake, anawafokea wapishi, "Nani kawaambia mpike wali? Mnadhani nimekufa tajiri?" Watu walishaanza kucheka. Lakini kaka yangu alikuwa amekuja na wakubwa wa kazini kwake, akaona haya. Akamvua mzee wa watu koti mbele ya watu, akamshika kiwiko mpaka nje. Mtani hakujibu neno, na mtani akikosa neno ujue ameumia. Koti likarudi kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa sebule, na tangu hapo hakuna aliyeligusa. Mzee naye hakukanyaga kwetu tena.

Kesho yake baada ya lile lango kufunguka, nikadandia bodaboda mpaka Ruhuwiko. Njiani nilikuwa naifikiria nadharia nyingine tuliyosoma, ile isemayo kwamba aliyefiwa hapandi ngazi, bali huenda na kurudi, mara kwenye kilio, mara kwenye maisha. Nikawaza kwamba machozi na kicheko hupita mlango mmoja, ukiubana kwa kimoja umeubana kwa vyote. Haya niliyaandika baadaye kwenye kazi yangu, pamoja na habari za utani. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nadharia hii ya mtani umeitoa wapi?"

Fundi nilimkuta anapiga randa. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mngoni akikufuata mwenyewe, ujue njaa imemzidi. Mnataka nini?"

Nikamweleza yote: gemu, lango, mama. Nikamwomba radhi kwa niaba ya kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila utani hata kidogo, nikaanza kupata wasiwasi. Halafu akakung'uta maranda kwenye suruali.

"Koti lipo?"

"Lipo msumarini."

"Basi twende, kabla mama yako hajasonga ugali wa watu wawili."

Tulifika jua likielekea kuzama. Mama alikuwa jikoni. Mtani akaingia kwa kunyata, akalitungua koti, akalivaa. Mikono ilimpwaya mpaka ikafunika vidole. Akarudi nje, akasimama mlangoni, akakohoa. Nywele zilinisimama, jamani. Kikohozi kilikuwa kile kile.

"Mbona kimya, mmekufa wote?"

"Tangulia wewe, tutakukuta!"

Lilimtoka mama kabla hajafikiri. Kisha nikasikia mwiko ukianguka. Mama akatokea kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga, akalitazama lile koti juu mpaka chini.

"Si nimetangulia!" mtani akafoka. "Mbona hamji? Huko niliko hakuna wa kunisongea ugali!"

Mama akashika fremu ya mlango. Nilidhani anaanguka. Kumbe kicheko, kicheko chake kile cha mpaka barabarani, kinamkunja tumbo. Akakaa pale pale sakafuni, akacheka, akalia, akaita, "Mume wangu, mume wangu!" akacheka tena. Na mimi nililia, nadharia zote zikaniishia. Mtani hakumbembeleza hata kidogo. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanyoosha miguu, akauliza mboga ni nini na kwa nini inachelewa.

"Na hili koti naondoka nalo," akasema. "Haki yangu."

"Nenda nalo," mama akamjibu. "Limenijazia vumbi ndani."

Akafuta macho kwa pindo la khanga, akainuka, akaokota mwiko wake. Alipofika jikoni akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"We mtoto! Mhehe yumo ndani umekaa tu? Hebu kamfungie mbwa!"