Omena ya Mama Mkwe Haipimwi

Oyugi alisomea kununua vitu. Msicheke. Iko shule hapa Kisumu inafundisha mtu mzima kununua vitu, miaka mbili, na mwisho unapewa karatasi na kofia. Mimi nimenunua vitu tangu nikiwa mtoto na hakuna mtu alinipatia kofia.

Basi akakuja hapa Nyalenda, akajenga mabati kando ya mahali mimi nauzia makaa, akaweka mashine ya kusaga chakula ya kuku. Mahindi, soya, chokaa kidogo, na omena, hiyo dagaa ya ziwa. Nje akaandika kwa rangi kubwa, KAMPUNI. Kampuni yenyewe ni yeye, hiyo mashine, na bibi yake Caren anashona mifuko.

Kazi alikuwa anafanya, hiyo sikatai. Kila asubuhi anahesabu magunia, anaandika kwa kompyuta. Soya ikibaki gunia tano, kompyuta inakuwa nyekundu, anapiga simu, soya inakuja. Siku moja aliniita anionyeshe.

"Mama, hii inaitwa kiwango ya chini. Siwezi kukwama."

"Na ya juu iko wapi?"

"Ya juu si shida, mama."

Mtu na diploma.

Shida ilikuja imefunga kitambaa kwa kichwa. Mama ya Caren, Ajwang wa Luanda Kotieno, anaanika omena huko beach. Kusikia tu mkwe anatumia omena, hakungoja oda. Alileta gunia sita, akalipwa. Wiki ya pili, sita tena. Sasa wewe ukiwa Mjaluo unajua: mzigo ya mama ya bibi yako huipimi akiwa anaangalia, hufungui gunia uchungulie, na kurudisha ndiyo usiseme. Hata jina yake Oyugi hawezi kutaja. Kwa kompyuta alimwandika "Luanda". Akiona pikapu imesimama, anajikunja, anasimama mbali kama mtu ameitwa na chifu. "Karibu, mama. Asante, mama."

Stoo ikajaa omena mpaka kwa paa. Soya ikalala nje, mvua ikaipiga, ikaota majani. Mahindi ikawa inaletwa nusu gunia kwa sababu haina mahali ya kukaa. Na Oyugi, kwa vile omena ndiyo iko, akaanza kuongeza omena kwa mashine. Kidogo. Halafu si kidogo.

Nikamwuliza, "Hii ni chakula ya kuku ama ya paka?"

"Ni ya kujenga mwili, mama."

"Ambia huyo mama ya bibi yako imetosha."

Akaniangalia kama nimemwambia avue suruali katikati ya soko ya Kibuye. "Mimi? Nitaanzia wapi? Caren atamwambia."

Caren hakuinua hata macho kwa mfuko. "Bosi ni nani hapa? Mimi nashona tu."

Na hiyo kampuni yote ilikuwa inasimama kwa mtu mmoja. Hadiya wa Bondo, ana kuku elfu mbili, anapelekea hoteli mayai. Hao wengine ni watu wa kuku tano, wanakuja na karai. Oyugi mwenyewe aliniambia, Hadiya akitoka, mashine inauzwa.

Jumanne Hadiya akapiga simu. Simu ya Oyugi inapiga kelele, nilisikia yote nikiwa kwa makaa yangu.

"Oyugi, mayai yangu inanuka samaki! Mgeni wa hoteli ameagiza chai na yai, analetewa ziwa kwa sahani!"

"Pole, madam, tutarekebisha..."

"Nakuja Alhamisi. Nataka kuona stoo na macho yangu."

Alhamisi akakuja. Na pikapu ya Ajwang ikakuja, kwa sababu Mungu akitaka kuona mtu ni mwanaume ama ni nguo imetundikwa, anafanya hivyo.

Hadiya hakuuliza. Alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwa kiwiko. Juu omena inang'aa. Chini mkono ikatoka na mchanga.

"Nani anapekua omena yangu?" Ajwang akauliza kutoka kwa mlango.

"Ni yako, mama? Huu ni mchanga umevalishwa omena." Halafu Hadiya akamgeukia Oyugi. "Mimi sina maneno mingi. Sema hapa kwamba kutoka leo unapima kila gunia, na ya huyu mama umeacha. Ukisema, nabaki. Usiposema, naenda."

Ajwang akaweka mkono kwa kiuno. "Mkwe, omena yangu iko na mchanga?"

Nilisimama na koleo yangu. Nilitaka kumdunga Oyugi nayo kwa mbavu. Sema, wewe! Caren ameacha kushona. Hata dereva wa pikapu amezima redio.

Oyugi akaangalia viatu yake. "Hapana, mama. Omena yako ni safi."

Hadiya hakupiga kelele. Alikaza mtandio yake, akachukua mifuko yake tupu, akaenda.

"Huyo hana heshima," Ajwang akasema. "Lakini mkwe, naona stoo yako ni ndogo. Jenga ingine. Jumatatu naleta kumi."

"Sawa, mama."

Mashine ilinunuliwa na mtu wa Port Victoria. Caren anashona nguo za shule, na haniangalii akipita. Oyugi? Msimhurumie. Amepata kazi kwa ofisi kubwa huko tauni, kazi ya kupokea mizigo inayoletwa. Nasikia watu wa kuleta mizigo wanampenda sana.