Mavuno ya Kabatini

Dubai sikupelekwa na mjomba wala sikubebwa na mtu. Nilikwenda na diploma yangu ya kilimo cha bustani, nikaanza kwa kumwagilia vyungu vya maua kwenye ofisi za Oud Metha, na nilipoondoka kurudi nyumbani kufungua kitalu changu cha miche nilikuwa msimamizi wa mimea ya majengo mazima. Mtende uliokuwa ukifa mbele ya kliniki moja niliufufua mimi. Waliokuwa wakiutunza kabla yangu walishaagiza gari la kuja kuung'oa.

Sifa hizo sikuzificha, na sioni kwa nini ningezificha. Waswahili wa Satwa mpaka Al Qusais waliniita Bwana Shamba. Mtu akiotesha sukuma wiki kwenye ndoo na ikamgomea, alinipigia mimi. Kwa hiyo sikushangaa Ijumaa moja baada ya sala nilipopigiwa na fundi cherehani wa Kimombasa, mshonaji wa mabuibui pale Satwa.

"Bwana Shamba, nina mimea yangu hapa ndani. Sijui niivune sasa au ningoje. Njoo uitazame kwa jicho la diploma."

"Mimea gani?"

"Njoo tu, ndugu yangu. Kwa simu haielezeki."

Nilidhani ni mrehani, au mchicha ulioanza kutoa maua. Nikavaa shati nililolipiga pasi, nikatia mfukoni kioo changu cha kukuzia, nikaenda. Sehemu yake ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, kila mtu na kipande chake, choo kimoja kwa wote. Kipande cha fundi kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo, godoro chini ya meza, na kabati kubwa. Udi ulikuwa umefukizwa mpaka macho yakaniwasha.

"Bibi harusi yuko wapi?" nilimtania.

Alicheka kidogo, akatia komeo mlangoni. Kisha akafungua kabati, akasukuma upande mabuibui ya wateja.

Nyuma ya mabuibui kulikuwa na taa kali, feni ndogo, na vyungu vitatu vya bangi.

Nilijua kabla akili haijakubali. Jani lile halihitaji diploma. Nikakaa kwenye ncha ya godoro lake bila kukaribishwa. Nikasema "Astaghfirullah" mara tatu.

"Mbona wakaa chini?" fundi aliniuliza.

"Wewe una wazimu? Nchi hii mtu hufungwa kwa punje iliyojificha kwenye mshono wa mfuko, wewe umelima shamba!"

"Shamba gani? Vyungu vitatu! Wanitisha bure."

"Utakwenda jela, kisha utarudishwa kwenu. Na mimi uliyeniita hapa, nitasema nilikuja kupima buibui?"

"Ndiyo maana nataka unambie upesi. Kuna jamaa wawili wamengojea sana. Nivune leo au bado?"

Sasa, mtu aliyesoma ana ugonjwa wake. Ukimwonyesha mmea na ukamuuliza swali, hawezi kunyamaza. Niliinuka, nikatoa kioo, nikainama juu ya maua yale kama ninavyoinama juu ya waridi la mteja. Vinywele vyake vilikuwa vyeupe bado, vimesimama wima.

"Bado," nikasema. "Haijakomaa. Ukivuna sasa utapata majani tu."

Uso wa fundi ukang'aa. "Alhamdulillah! Basi nangojea. Wiki mbili? Tatu?"

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko nilivyoshtuka mwanzo. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umemwongezea majuma ya kukaa na jela yake kabatini. Nyuma ya ubao jirani alikohoa, karibu kama vile yumo humu humu.

"Na harufu?" nilimuuliza kwa kunong'ona.

"Udi wafunika. Juzi tu madam mmoja karudi na buibui lake, asema lanuka. Nimemwambia ni udi wa kwetu Mombasa. Akacheka, akalichukua."

Nililiona buibui lile likipanda lifti, likiingia nyumbani kwa watu, likining'inizwa karibu na kofia ya kazi ya mume ambaye hatujui kazi yake ni ipi. Huyu hakuwa na majuma. Pengine hata kesho hakuwa nayo.

Kumhubiria kusingesaidia, nilikwishamhubiria. Nikafanya kilichobaki.

"Hebu zima feni," nilisema. Niliinama tena na kioo, nikageuza ua moja, nikageuza la pili, nikalinusa. Kisha nikasonya.

"Nini?"

"Ukungu."

"Wapi? Mimi sioni."

"Utauonaje? Umeingia ndani ya ua. Kabati halina hewa, unategemea nini?"

"Hauna dawa?"

"Hauna. Atakayeivuta atakohoa damu, na hao jamaa zako wawili wanajua kwako ni wapi."

"Wallahi?"

"Mtende wa kliniki aliufufua nani?"

Fundi alikaa chini akashika jani moja kati ya vidole viwili, kama anayepima kitambaa cha bei. Machozi yakamlengalenga. "Nimeilea mimi hii," alisema. "Hata likizo sikwenda."

Ukungu haukuwapo. Niseme haki ya mtu: mimea ile ilikuwa na afya kushinda yote niliyolipwa kuitunza. Angeotesha pilipili kwa mkono ule, ningemwajiri.

Tuliing'oa yote. Aliikatakata mwenyewe kwa mkasi wake wa nguo, juu ya meza ileile, nasi tukaipeleka chooni kwa ndoo iliyofunikwa vipande vya vitambaa, tukimwaga na kuvuta maji, tukimwaga na kuvuta maji. Mimi ndiye niliyekuwa ndani nilipogongewa mlango na Mganda wa kipande cha pili.

"Yalla, ssebo! Umeingia kuzaa humo?"

"Tumbo, kaka!" nilijibu, nikavuta maji tena.

"Basi zaa upesi, mimi naenda kazini!"

Ilipokwisha, tuliosha meza, tukaosha mkasi, tukapanga mabuibui mbele ya vyungu vitupu. Mabuibui yenyewe nilimwambia ayafue yote leo hii, hata yaliyokwisha pigwa pasi. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango nilipomsikia akirekodi ujumbe wa sauti kwa wale jamaa.

"Sikizeni, ile kitu khalas, imekwisha, imeingia ukungu. Si maneno yangu. Nimemleta mtaalamu, Bwana Shamba wa Oud Metha, ana diplo—"

Sijui nilivyoiruka cherehani. Nilichojua ni kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu na kidole changu kimekwisha kuufuta ujumbe.

"Wafanyani?" fundi alishangaa. "Si wewe wapenda kutajwa?"

"Leo sipendi."

"Hawataniamini bila ya jina lako."

"Wasikuamini. Sema imeoza, khalas. Maneno mawili."

Alinitazama, nadhani ndipo naye alipoanza kuogopa kikweli, kwa sababu alikwenda kutia komeo mlangoni kabla ya kupokea simu.

"Imeoza," alisema kwenye simu. "Khalas."

Nilisimama pale mpaka ujumbe ukaenda. Kisha nikamuuliza kama nyumba ile ina mlango wa nyuma.