Saa Yenye Alama Mbili Nyekundu

Ukuta wa sebule yangu ulikuwa na saa za kutundika kumi na moja. Leo iko moja, na misumari kumi mitupu. Palipokuwa na saa, rangi ya buluu bado ni kali. Kwingine jua na moshi vimeifubaza, kwa hiyo mgeni akiingia anaona umbo la kila moja. Mbili ndefu, nyingine za duara, moja yenye paa kama nyumba. Watoto wangu wanataka kunipigia rangi mpya. Nimewakataza.

Mume wangu alikuwa fundi wa saa. Alianzia Migori, akamalizia Homa Bay, kwenye baraza la duka pale sokoni. Watu walipoacha saa za ufunguo wakanunua za betri, kisha wakaacha hata hizo wakawa wanatazama simu, yeye ndipo akaanza kukusanya zile kuukuu. Nyingine zilitoka Kendu Bay, kwa maduka ya zamani yaliyokuwa yanafungwa. Kubwa kabisa ilitoka kwa kanisa fulani upande wa Migori ambako walikuwa wamechoka na kelele yake. Alizileta zikiwa zimefungwa kwa gunia, akazifungua mezani, akazisafisha kwa mafuta na unyoya wa kuku, akazitundika.

Sikuzipenda, na nilisema wazi. Mimi nilitaka ukuta wa picha za watoto na vitambaa nilivyofuma. Yeye akasema picha zina kabati lake. Kazi ya kutundika ilikuwa na sheria zake. Ile kubwa ya kugonga ilitazama mlango, mgeni aione kwanza. Hakuna iliyokaa karibu na mlango wenyewe, kwa sababu wajukuu wanaubamiza, na ile shaba inayobembea ndani inapoteza mwendo. Kabla ya kupiga msumari alipima kwa uzi uliofungwa jiwe. Na kila saa aliichelewesha kidogo nyuma ya mwenzake zisigonge pamoja.

"Ziongee moja moja," aliniambia, "si kama dada zangu."

Ya kumi na mbili haikuwa sebuleni. Hiyo ilikuwa chumbani, ndogo, ya bati, na tulikuwa nayo kabla ya zote.

Tulikuwa tumepanga chumba Migori binti yetu wa pili alipougua. Alikuwa na miaka minne. Hospitali walitupa dawa ya kumpa kila baada ya saa sita. Mimi niliacha shule darasa la pili, na saa sikuwa najua kuisoma. Mume wangu naye alikuwa kazini mchana kutwa. Basi akaomba rangi ya kucha kwa jirani, akafungua kioo cha ile saa, akaweka alama mbili nyekundu, moja juu, moja chini.

"Mshale mfupi ukigusa nyekundu, mpe," akasema. "Huo mrefu usiusikilize."

Nilikaa na saa ile mapajani siku sita. Sikukosa alama hata moja. Siku ya saba mtoto alikufa asubuhi, mshale ukiwa katikati, mbali na nyekundu zote mbili.

Baadaye mume wangu alitaka kuifuta ile rangi. Nikamwambia akiifuta narudi kwetu Kisegi. Hatukuizungumzia tena. Kila Jumapili baada ya kanisa alitia saa zote ufunguo, na hiyo aliiweka ya mwisho. Akitoka chumbani hakusema kitu mpaka tumalize kula.

Mwaka juzi akafa yeye.

Kwetu, siku za matanga zikiisha, ndugu za marehemu huketi na vitu vyake vyote hutolewa vigawanywe: nguo, viatu, kiti, vyombo vya kazi. Alichonunua kwa mkono wake ni chao. Mjane hachagui. Anakaa, anapokea anachoachiwa. Na katika ukoo wetu, mtu aliyekuwa akiitwa kuhakikisha mjane hajaficha kitu alikuwa mimi. Nimeingia vyumba vya wenzangu. Mmoja nilimtolea koti la mumewe chini ya godoro mbele ya watu. Alikuwa analia. Nikamwambia kulia hakuna ubaya, lakini koti litoke.

Asubuhi ya siku yangu, kabla hawajafika, niliishusha ile saa ndogo, nikaifunga kwa leso, nikaifukia ndani ya debe la mtama.

Walikuja wakajaa sebule. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyesimamia. Dada yao mkubwa hakungoja hata kuomba kuishe vizuri.

"Hii kubwa ni yangu," akasema. "Kwangu watu wanachelewa kula."

"Kwako wanachelewa kwa sababu hupiki," shemeji akamjibu, na watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Saa zikashuka moja moja. Moja iligonga ikiwa kifuani mwa mpwa wetu, akaruka nusura aiangushe. Shemeji mwenyewe akapewa ile yenye paa. Nilikaa mikono mapajani kama inavyotakiwa. Kisha akanigeukia.

"Nyar Kisegi," akasema. Hivyo ndivyo wanavyoniita, binti wa Kisegi, tangu niolewe hapa. "Kulikuwa na kadogo chumbani. Kale kenye nyekundu."

"Kaliharibika. Alikatupa."

"Ndugu yangu alitupa saa?"

"Nimesema alikatupa."

Alinitazama. Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama na birika la chai, akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema chumba kifunguliwe. Nani angesema? Mwenye kufungua vyumba vya watu ni mimi.

Wakaondoka na ukuta wangu. Wiki mbili za kwanza sikuweza kulala mchana, nyumba ilikuwa kimya kama imefungwa. Saa ile ndogo niliiacha kwenye mtama. Kuitundika siwezi, wataiona. Kuitia ufunguo siwezi, itasikika. Binti yangu aliniambia, "Mama, itoe tu, wamesahau." Nikamwambia mimi sijasahau nilichosema.

Mwaka huu, baada ya kupalilia, shemeji alikuja kwa boda boda, saa yenye paa ameikumbatia kama kuku wa mahari.

"Imekataa kwangu," akasema. "Inatembea siku moja, inalala mbili. Ikae hapa kwako."

"Mlishagawa."

"Nilipewa, ni yangu. Nampa ninayetaka. Au utakuja kufungua chumba changu?"

Nikamwekea chai. Akaitundika mwenyewe, akaketi, akatazama ile misumari mingine.

"Siku ile nilipokuuliza ile saa ya mtoto," akasema, "nilikuwa nimeshaongea na wazee. Nilitaka niitoe kwanza nikukabidhi, kabla dada hajaiona. Walikubali wote. Walisema hiyo ni ya mama yake."

Nikamsogezea sukari.

"Kumbe alishaitupa. Nilimkasirikia ndugu yangu, yawa. Kitu kama kile unakitupaje bila kumuuliza mwenzio? Na mimi ndiye niliyebeba kajeneza ka yule mtoto kutoka Migori." Akazungusha kikombe. "Mpaka leo moyo wangu haujamwachilia."

Debe la mtama lilikuwa chumbani, nyuma ya kiti chake, mlango ukiwa wazi. Ningesimama tu. Maneno yenyewe hayazidi matano. Lakini nilimwona yule mjane wa koti alivyosimama katikati ya watu, na nikajiona mimi nimeshika lile koti juu, na mdomo wangu haukufunguka.

"Kunywa, chai inapoa," nikamwambia.

Akanywa. Akashukuru, akasema atapita kaburini kumsalimia ndugu yake kabla ya kwenda. Kaburi liko hapo hapo nyuma ya nyumba. Nilimwona dirishani amesimama, kofia mkononi, anazungumza, anatikisa kichwa. Alikaa pale muda mrefu. Mimi sikutoka.